Damu haipandi na vidonge nanywa: jibu kwa mama kijacho wa Muheza

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina ujauzito wa miezi sita. Mwezi uliopita kliniki walinipima damu ikawa 9.6, juzi wamepima tena ni 9.5. Vidonge vya kuongeza damu nakunywa kila siku bila kukosa, asubuhi kwa chai ya maziwa, maana kwa maji matupu tumbo linachafuka. Mchana nakula ugali au wali kwa maharage na matembele, nikimaliza nakunywa chai ya rangi. Mama mkwe ananitengenezea juisi ya rozela na bitiruti. Mbona damu haipandi?

Jibu: Marahaba, dada, na hongera kwa ujauzito. Nashukuru umetaja hadi unachonywea vidonge, maana wengi huandika wanachokula tu, na hapo ndipo nilipolikuta jibu. Chakula chako si kibaya, na vidonge unavinywa. Kwa ninavyoona, kinachokukwamisha ni chai, hasa saa unayoinywa.

Majani ya chai yana tanini, ile inayokausha ulimi chai ikikolea. Ikikutana na madini chuma tumboni inayashika, na utumbo unashindwa kuyafyonza; yanapita yakatoka na choo. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa wanawake waliokula mkate: walipoushushia kwa chai, chuma kilichoingia mwilini kilishuka hadi karibu theluthi moja ya kile kilichoingia walipokunywa maji. Kuweka maziwa hakukuokoi, kwani kalsiamu iliyomo nayo inazuia chuma. Kahawa ina tabia hiyohiyo, ingawa nguvu yake ni ndogo kidogo.

Sasa tazama siku yako. Kidonge kinakutana na chai asubuhi. Maharage na matembele yanakutana na chai mchana. Chuma cha mboga na nafaka ni kigumu kufyonzwa hata pasipo chai, tofauti na kile cha nyama, samaki na dagaa ambacho mwili unakipokea kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo hata kile kidogo ambacho ungekipata kinanyang'anywa mlangoni.

Sikuambii uache chai. Kwetu “kunywa chai” ndilo jina la mlo wa asubuhi wenyewe, mtu akikuuliza “umekunywa chai?” anataka kujua kama umekula. Nilipoanza kazi nilikuwa nawakataza akina mama kabisa. Waliitikia vizuri, wakarudi nyumbani wakaendelea kunywa pamoja na vidonge kama kawaida, na mimi nikabaki nashangaa namba zao. Siku hizi naomba jambo moja: chai isogezwe. Ipishane na mlo kwa saa moja au mbili, na ikae mbali kabisa na kidonge. Chai ya saa kumi jioni, ukiwa umepumzika na hujala, haina ugomvi na damu yako.

Kidonge kihamishie usiku unapokwenda kulala. Kichefuchefu kikija kitakukuta usingizini. Tumbo likikataa likiwa tupu, tanguliza kipande cha kiazi au muhogo, kisha meza kwa maji ya machungwa. Vitamini C ya chungwa inakisaidia chuma kufyonzwa, na wewe uko Muheza, kwenye machungwa yenyewe! Mchana nako kamulia ndimu kwenye matembele, au kula kachumbari ya nyanya mbichi pembeni. Maharage yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea uyamwage, maana loweko hupunguza kitu kingine kilichomo kinachozuia chuma. Dagaa wa kutosha kiganja, hata mara tatu kwa wiki, watakufaa sana. Maini mara moja kwa wiki inatosha. Yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni rangi ya chuma cha vidonge. Kikiwa kigumu, ongeza maji na mapapai.

Kuhusu juisi za mama mkwe, naomba nisimvunje moyo, anakupenda. Lakini wekundu wa kinywaji hauna uhusiano na damu. Gramu 100 za bitiruti zina chuma kisichofika hata miligramu moja, wakati mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Rozela sishauri uinywe kila siku ukiwa mjamzito, kwani usalama wake kwa mimba haujathibitishwa. Mwombe mama akukamulie machungwa, na yeye atabaki ameshiriki kumlea mjukuu.

Jambo hukulitaja, ila nauliza kwa sababu nalikuta mara nyingi: unakula udongo? Kama ndiyo, usione aibu. Hamu hiyo mara nyingi huja na upungufu wa damu wenyewe, na udongo nao unazuia chuma, tena unaweza kuleta minyoo. Mwambie muuguzi wako.

Kwa mjamzito, damu chini ya 11 huhesabiwa pungufu, na 9.5 ni upungufu wa kati, kwa hiyo usijitibu kwa chakula peke yake. Usijiongezee vidonge pia; mwonyeshe mhudumu namba zote mbili, yeye ndiye wa kuamua kipimo cha dawa. Fanya mabadiliko haya, kisha upimwe tena baada ya wiki nne. Ikiwa bado haijapanda, omba wakuangalie malaria na minyoo, kwa sababu hivyo vinakula damu hata kwa mtu asiyegusa chai. Ukianza kuishiwa pumzi ukiwa umekaa tu, moyo kwenda mbio au kizunguzungu cha kukuangusha, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.