Analala wapi?

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama mijakaranda ya mijini ikatwe kwa ajili ya watu wenye aleji na pumu. Kwetu swali hilo lilijibiwa mwaka 1995, kwa msumeno, na jibu lake mpaka leo halijanitoka kooni. Mtanisamehe basi nikijibu swali la jirani yake.

Nianze na jakaranda wenyewe. Lile ua la zambarau limeumbwa kwa ajili ya nyuki. Chavua yake ni nzito, inanata, na mdudu ndiye anayeihamisha. Chavua zinazopeperuka na kuingia puani kwa wingi ni za mimea ambayo hakuna mtu anayepiga nayo picha: nyasi za kando ya barabara, misaipresi ya uani. Mmea unaochavushwa na upepo hauhitaji kujipamba. Ila Oktoba ikifika barabara inageuka zambarau, pua zinatiririka, na mtu anaunganisha alichokiona na anachokisikia. Nyasi hazijawahi kushtakiwa.

Tulikuwa tukikaa nje kidogo ya Arusha, upande wa Ngaramtoni. Baba alikuwa mwalimu. Mshahara ulitosha sukari na sabuni, ada ilitoka shambani. Kila mwaka alihifadhi mahindi akisubiri bei ipande. Mwaka ule wezi walianza kuingia shambani, akavuna kabla hayajakauka sawasawa. Tuliyapiga kwa fimbo uani siku mbili, tukapepeta, tukashona magunia thelathini na kitu. Yakapangwa chumba cha uani, chini bila mbao, mgongo ukutani. Chumba hicho ndicho alicholala mdogo wangu, wakati huo ana miaka saba. Kitanda chake kilikuwa hatua moja kutoka kwenye magunia, naye alifurahi sana, maana alipata mlima wa kupanda.

Septemba kikaanza kikohozi. Oktoba, usiku, kifua kikaanza kupiga filimbi. Mama alimkalisha kitandani akamwegemeza kifuani kwake, mimi nimeshika chemli. Naikumbuka ngozi ya katikati ya mbavu zake ilivyokuwa ikizama ndani kila alipovuta hewa. Kukipambazuka anatoka nje, anakaa chini ya mjakaranda wa jirani, na kufikia saa nne anakimbizana na wenzake. Someni tena hiyo sentensi. Chini ya mti ndipo alipopata nafuu, na sisi sote tulikuwa tukimtazama.

Mti ulikuwa wa bibi mmoja tuliyemwita Bibi Vitumbua. Alikaanga chini yake kila asubuhi, na maua yalimdondokea hadi kwenye beseni la unga. Baba alimwendea jioni moja, akanichukua nami. Akamwamkia, akaeleza kwamba mtoto anamfia mikononi na watu wote wanasema ni maua. Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mti huu ulikuwepo kabla yako. Lakini mtoto ni mtoto. Kata."

Mafundi wawili walimaliza kazi siku moja na nusu. Maua yalibaki chini yakawa kahawia. Bibi akahamishia jiko lake barazani, moshi ukawa unaingia ndani kwake, na vile vitumbua vilivyoungua pembeni alivyokuwa akitupa sisi watoto havikuja tena. Hakutununia. Aliacha tu kutuita.

Mti ulipoondoka filimbi haikuondoka. Mwisho wa Novemba bei ikapanda, Baba akaleta mnunuzi, magunia yakapakiwa kwenye lori. Krismasi mdogo wangu alilala usiku kucha bila kuamka. Baba akawa anamsimulia kila mgeni: "Ule mti ulikuwa unaniulia mtoto." Nilikuwa darasa la sita, na nilimwamini.

Agosti iliyofuata mahindi mapya yakaingia chumbani na filimbi ikarudi nayo. Mjakaranda haupo, kimebaki kisiki kilichoanza kuchipua. Tulipompeleka zahanati, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akihudumia hakuanza na kifua. Aliuliza, "Analala wapi?" Mama akaeleza. "Na humo chumbani mna nini kingine?" Baba akaangalia viatu vyake.

Tulirudi tukavuta magunia. Ukuta wa nyuma ulikuwa na madoa ya kijani kibichi na kijivu, na pale katani ilipogusana na ukuta nyuzi zilikuwa zimeota manyoya. Baba akalipiga gunia moja kofi. Kikatoka kitu kama moshi, kikaning'inia kwenye mwanga wa dirisha, hakishuki. Tulisimama tukikiangalia, naye bado ameinua mkono.

Sasa najua kile kilikuwa nini. Zilikuwa spora, yaani vijimbegu vya kuvu, ule ukungu wa ukutani. Nyingi zina upana wa mikromita 2 hadi 10, wakati unywele wa kichwani una kama 70. Ndogo kiasi hicho hazitui haraka, na pua haiwezi kuzizuia zote. Nyingine zinashuka mpaka kifuani. Humo humo kuna vumbi la punje na mabaki ya wadudu wa ghalani. Na kuvu wa aina hizo, baadhi yao, ndio wanaotengeneza sumukuvu. Kenya mwaka 2004, upande wa Ukambani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Yale magunia ya Novemba 1995 Baba aliyauza. Sijawahi kumuuliza yalikwenda wapi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema muiache miti, mkatazame stoo zenu, basi. Lakini haki ni haki, hewa ya nje nayo si malaika. Tarehe 21 Novemba 2016 huko Melbourne, Australia, mvua ya ngurumo ilikuja msimu wa chavua za nyasi. Unyevu ukazipasua, vipande vikawa vidogo vya kuingia kifuani kabisa, na maelfu wakakimbilia hospitali ndani ya saa chache. Watu 10 walikufa. Miongoni mwa waliougua wako ambao hawakuwahi kujua kwamba wana pumu. Na upepo ndio uliosambaza kutu ya ngano, ugonjwa wa mimea unaoletwa na kuvu, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ikafika Kenya na Ethiopia, ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen. Upande wa pili, upepo huohuo una kazi yake njema: kila uzi wa ndevu za hindi unasubiri chembe yake ya chavua iletwe na upepo. Usipoipata, punje hiyo haipo, na pale kwenye gunzi panabaki pengo.

Kwa hiyo, mhariri, jakaranda usikatwe. Nyasi za kando ya shule zifyekwe kabla hazijachanua, hilo halmashauri yoyote inaliweza. Mwenye pumu asiache dawa zake kwa sababu jirani kakata mti. Mahindi yakauke kabla ya kuingia ndani, yakae juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali zaidi na mtoto.

Hapa ndipo itabidi mnicheke. Binti yangu ana miaka tisa, na tangu mwezi uliopita anakohoa usiku. Nje ya dirisha lake kuna ua wa misaipresi. Juzi nilitikisa tawi likatoa unga wa njano, mwingi, kama mtu aliyepuliza ndani ya gunia. Nikampigia simu mwenye nyumba palepale. Anasema fundi atakuja kuukata Jumamosi, na sikumkataza.

Ijumaa jioni nitalivuta kabati la binti yangu nione ukuta wa nyuma ukoje.

Msomaji, Arusha