Spina wangu anapigwa sita: nimwondoe?

SWALI: Mimi ni nahodha wa klabu ya kriketi inayocheza mechi za ova 20 (ova moja ni mirusho 6) hapa Dar es Salaam. Tunachezea zulia lililotandikwa juu ya zege. Nina kijana wa ofu spini (mrushaji wa mpira wa kuzunguka, unaoingia kwa mpigaji wa mkono wa kulia ukidunda), mazoezini anasumbua kweli, lakini nikimpa mpira kwenye ova ya 12 au ya 13 anapigwa sita (mpira kuvuka mpaka bila kudunda) mfululizo. Nibaki na warushaji wa kasi tu? (Nahodha, Upanga)

JIBU: Ndugu nahodha, usimwondoe. Unamwita kwa kuchelewa, na huenda unamrushisha kutoka upande wa uwanja usio wake.

Zulia juu ya zege hudundisha mpira juu, na mpira mpya, mgumu, ndio unaodunda zaidi. Wewe unasubiri ulainike ndipo umpe. Mpe ova ya 2 au ya 3. Ni kweli kwamba katika ova 6 za kwanza walinzi 2 tu ndio wanaoruhusiwa nje ya duara la ndani ya uwanja, lakini mpigaji anayetazamia mpira wa kasi hulazimika kutafuta nguvu yake mwenyewe, na hapo hukosea. Ova anazoruhusiwa ni 4 tu: tumia 2 mapema, 2 baada ya ova ya 6, unaporuhusiwa walinzi 5 nje.

Mdundo huo una gharama yake. Mipira mingi itapita juu ya stampu (vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji), kwa hiyo msitegemee LBW, yaani mpigaji kutolewa kwa kuzuia kwa mguu mpira uliokuwa unaelekea kwenye stampu. Wiketi, yaani kuwatoa wapigaji, zitatokana na kudaka. Weka mtu wa karibu upande wa legi (ule ulio mgongoni mwa mpigaji), na mdakaji wako bora kwenye mpaka wa upande huohuo, maana mpigaji wa mkono wa kulia atavutia huko. Na mwambie kijana adundishe karibu zaidi na mpigaji. Akidundisha kifupi, mpira unamfikia kiunoni na hilo ni zawadi.

Sasa upepo, jambo ambalo manahodha wengi hapa pwani hawalitumii. Mwache asimame mahali pa kurushia, amtazame mpigaji. Upepo ukimpiga shavu la kulia, huo ndio upande wake wa kurushia: upepo unausukuma mpira utoke kwa mpigaji wa mkono wa kulia ukiwa hewani, kisha spini inaurudisha ndani ukidunda. Tena mpigaji akivuta kwenda legi anapiga dhidi ya upepo, na sita inageuka kudakwa. Ukimpiga shavu la kushoto, mhamishie arushe kutoka upande wa pili wa uwanja. Kusi na kaskazi havitoki upande mmoja, basi pima kila siku ya mechi.

Tafadhali, acheni kumpigia kelele “punguza kasi!” Kwenye zulia mpira wa polepole humsubiri mpigaji. Anachohitaji ni mizunguko mingi zaidi, hasa ya kwenda mbele, ili mpira ushuke ghafla kabla mpigaji hajaufikia. Hilo afanyie mazoezi kwa mpira wa ngozi. Vijana wetu wengi wamekulia kwenye mpira wa tenisi, ambao hauna mshono wa kushika kwa vidole.