Maswali na majibu: breki kwanza, turbo baadaye

Maswali yamejaa tena na mengi ni yale yale ya "pedi gani kali". Nimechukua machache ya wanaopeleka gari zao kwenye viwanja vya mbio, ambayo yanaweza kumuokoa mtu.

Niko Johannesburg, Subaru yangu nimeiwekea turbo kubwa na eksozi, mwezi ujao naipeleka uwanja wa mbio wa Kyalami. Breki mjini zinashika fresh tu. Kuna cha kubadilisha?

Kipo, na ungeanza nacho kabla ya hiyo turbo. Kushika vizuri mjini hakuniambii kitu, mjini unatoka 60 unasimama kwenye taa basi, Kyalami ni kilomita 4.5 kila mzunguko na breki unazikanyaga kona baada ya kona hazipati muda wa kupoa. Gari ikishuka kutoka 200 hadi 100 inatoa joto mara tatu ya ile inayotoka 100 mpaka kusimama kabisa, na joto lote hilo linaingia kwenye diski na pedi ndani ya sekunde chache. Sasa mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yafike angalau nyuzi 230 ndo yachemke, yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka mpaka 155, na unyevu yananyonya hata gari ikiwa imepaki tu, watu wa Mombasa na Dar hapo mnisikilize vizuri. Hujasema umebadilisha lini, na wengi wasiosema huwa hawajabadilisha. Mwaga yote, weka ya chupa iliyofungwa, sio ile nusu chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya fundi, toa hewa kwenye mabomba ya breki za tairi zote nne, weka pedi za kuhimili joto, kagua diski kama zina nyufa na mipira ya breki kama imepasuka. Na DOT 5.1 sio DOT 5, hiyo 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizi nyingine. Hela ya eksozi ingetosha sehemu kubwa ya hayo.

Baada ya mizunguko kadhaa nakanyaga breki gari haisimami. Shida nini?

Hili linakuja kila mara na kila mara mtu hasemi pedali ilikuwaje! Pedali ikiwa laini, inazama mpaka chini, mafuta yamechemka, kuna mvuke kwenye mabomba na mvuke unabonyea. Pampu haraka haraka upate chochote, shuka gia, toka uwanjani na usirudi mpaka mafuta yabadilishwe. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari inazidi kwenda, ni pedi zimezidiwa na joto, hapo punguza mwendo, zunguka polepole zipoe, halafu tafuta pedi za kazi hiyo. Ni matatizo mawili tofauti, ukiyachanganya utanunua pedi za bei mbaya halafu uende ukutani na mafuta yale yale ya zamani.

Kona ikikaribia nipampu breki?

Hapana. Kama una ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, na pedali iko nzima, kanyaga na uendelee kukanyaga.

Wenzangu wanashika breki kwenye bango la mita 100 kabla ya kona, mimi la 200. Nitawafikiaje?

Achana na bango lao, hujui tairi zao wala uzito wa gari zao. Anza mapema, gari ikiwa imenyooka, kanyaga kwa nguvu pale mwanzoni maana uzito ukishahamia mbele tairi za mbele zinashika zaidi, halafu unavyoanza kukata usukani unaachia pedali kidogo kidogo, kama unamtoa mtoto aliyelala mkononi. Panda gari ya mwalimu ukae kiti cha abiria uangalie mguu wake, utaona anakanyaga fasta lakini kuachia hana haraka. Wanaochelewa kushika wanafika kona mwendo umezidi, wanakanyaga breki usukani ukiwa umekatwa, nyuma inakuwa nyepesi, gari inazunguka. Alama yako isogeze mita chache chache, na siku ya mvua irudishe nyuma mbali sana.

Nikitaka kuingia piti, pale pembeni gari zinapohudumiwa, lazima nitoe ishara?

Lazima! Mbio za Le Mans, Ufaransa, tarehe 11 Juni 1955, dereva Mike Hawthorn alimpita mwenzake Lance Macklin akafunga breki aingie piti, Macklin akakwepa, Pierre Levegh alikuwa anakuja nyuma kwa kasi akamgonga, Mercedes yake ikarukia upande wa watazamaji, wakafa watu zaidi ya 80 na Levegh mwenyewe. Lawama watu wanabishania mpaka leo, lakini aliye nyuma yako hawezi kujua unachowaza. Toa ishara mapema kama mlivyoelekezwa asubuhi, na hicho kikao cha asubuhi usikikose.

Naweza kujizoeza Thika Road usiku?

Hapana. Kuna watu wanavuka barabara ile. Swali hili silijibu tena.

Niko Abu Dhabi, nikitoka uwanja wa mbio wa Yas Marina navuta handbreki, baadaye usukani unatetemeka nikishika breki. Diski zimepinda?

Mara nyingi hazijapinda, ni pedi za moto zimebandika utando wake kwenye diski sehemu moja pale uliposimama umekanyaga. Mzunguko wa mwisho uwe wa kupoza, breki uziguse kidogo sana. Ukipaki weka gia, weka kabari kwenye tairi, handbreki iache na mguu toa kwenye pedali. Diski usizimwagie maji. Zikipoa kabisa kaza nati za tairi upya ndo urudi barabarani.