Shuka la bibi: kufua au kukata kwanza?
Umeuliza kama shuka la zamani la bibi, lenye maua unayotaka kuyakata uyaunge kwenye pambo la viraka, lifuliwe kwanza au likatwe kwanza. Jaribu kwanza kama rangi inachuja, ndipo ufue, kisha ukate hayo maua. Lowesha pamba nyeupe, ikandamize dakika chache juu ya ua jekundu. Ikitoka na wekundu, usiloweke kabisa. Mimi nashona hapa Ujiji na niliharibu shuka la mama kwa kuliloweka hivyo hivyo, waridi moja likachuja hadi kwenye mto wa kulalia. Jiki weka mbali, inakula pamba iliyozeeka. Ukikata, acha inchi nzima pembeni ya ua nyuzi zisifumuke, na nyuma bandika kitambaa chenye gundi ya kupiga pasi. Ila kama shuka linachanika ukilivuta kidogo tu, pambo hilo litundike ukutani, lisilaliwe.