Mtoto ana Duchenne? Omba apigwe eksirei ya mgongo kwa ubavu

Mwanangu ana Duchenne, ule ugonjwa wa jeni unaomaliza misuli, na kila asubuhi akishakunywa uji anameza prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi. Dawa hiyo inawasaidia watoto hawa watembee muda mrefu zaidi, ila inakula mifupa. Na misuli ikilegea, mifupa nayo inakosa kazi ya kuikomaza.

Ukiuliza kuhusu mifupa, wengi watakutajia DEXA, kipimo cha uimara wa mifupa. Si kipimo kibaya: mtoto analala tu, mashine inapita juu yake, mionzi ni kidogo. Lakini mashine zenyewe ni za kutafuta, na majibu yana mitego. Steroidi huwadumaza watoto, na mtoto mfupi huonekana ana mifupa mibovu kuliko ilivyo. Uliza kama hesabu imezingatia kimo chake. Wasome alama ya Z, inayomlinganisha na wa rika lake. Alama ya T ni ya watu wazima.

Mimi nikiambiwa nichague kimoja, nachagua eksirei ya uti wa mgongo, apigwe kwa ubavu. Hiyo hata hospitali nyingi za wilaya wanapiga. Pingili za watoto hawa hubonyea bila ajali, mara nyingi bila maumivu. Wangu alikuwa anacheka na kucheza gemu kama kawaida, kumbe pingili moja imebonyea mbele, imekuwa kama kabari. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 wa kuwatunza wenye Duchenne unataka picha ya kwanza mapema, kisha kila mwaka 1 hadi 2 kwa anayetumia steroidi, na DEXA kila mwaka. Picha za zamani msitupe, daktari huzilinganisha.

Pingili ikibonyea, hata kidogo, omba rufaa kwa bingwa wa homoni au mifupa ya watoto. Kuna dawa za dripu za kuimarisha mifupa, kama asidi ya zoledroni. Kabla ya dripu, vitamini D na kalsiamu vipimwe. Homa baada ya dozi ya kwanza ni kawaida, wangu ilimpata.

Akivunjika mguu naye bado anatembea, ulizia upasuaji kabla ya kukubali hogo la wiki nyingi, maana akilala sana huenda asisimame tena.

Na akianguka, kisha akaanza kuhema au kuweweseka, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo hata kama hana jeraha. Mafuta ya ndani ya mfupa huweza kuingia kwenye damu yakafika mapafuni na kwenye ubongo. Mapokezi waambieni ana Duchenne na anatumia steroidi, dawa isiyokatishwa ghafla.