Jicho refu na weusi kwenye kipimo cha eneo la kuona

SWALI: Shikamoo, Daktari. Nina umri wa miaka 36, na tangu shule ya msingi navaa miwani ya kuona mbali, ambayo sasa imefika hasi 9. Mwezi uliopita nilipimwa eneo la kuona, kipimo ambacho unabonyeza kitufe kila unapoona kinukta cha mwanga, na karatasi ya majibu ikaonyesha weusi juu, upande wa nje, katika macho yote mawili. Nimeambiwa nirudie kwa lenzi nyingine. Je, nina presha ya macho, au mashine ilikosea? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Inawezekana kabisa kwamba mashine haikukosea na wala huumwi. Jicho la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma, lakini la mwenye hasi 9 aghalabu hupita milimita 26, tena halirefuki sawasawa kila upande, kwani kwa baadhi ya watu ukuta wake wa nyuma hubonyea zaidi sehemu ya chini, upande wa pua. Lenzi ya kipimo huchaguliwa kwa ajili ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), pale tunapotumia kusomea. Kwa sehemu iliyobonyea lenzi hiyo haitoshi, kwa hiyo kile kinukta cha mwanga, ambacho kwa kawaida kina eneo la milimita 4 za mraba tu, hufika pale kikiwa kimetawanyika na kufifia, nawe hubonyezi kitufe. Kwa kuwa picha hutua kwenye retina ikiwa imepinduka, ubonyevu wa chini upande wa pua huonekana kwenye karatasi kama weusi wa juu upande wa nje.

Waliokushauri urudie wamefanya vyema sana. Wakiongeza nguvu ya hasi na weusi ukapungua, basi chanzo ni umbo la jicho. Uliza pia kama unaweza kupimwa ukiwa na lenzi za kuvaa juu ya jicho (kontakti lenzi), kwa sababu lenzi nzito ya mashine hupunguza ukubwa wa kinukta, na kichwa kikirudi nyuma kidogo tu, ukingo wake huziba mwanga na kuzua weusi wa pembeni.

Weusi usipopungua, uchunguzi uendelee. Uvimbe wa tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, unaobana neva za macho mahali zinapokutana, huleta sura inayofanana na hiyo, ila wenyewe kwa kawaida hukomea kwenye mstari wa wima wa katikati, ilhali weusi wa umbo la jicho huuvuka. Presha ya macho (glaukoma), ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, nayo isipuuzwe, maana wenye macho marefu huipata zaidi kuliko wengine, na neva huweza kuharibika hata kipimo cha presha kikiwa cha kawaida. Weusi wake huongezeka mwaka hadi mwaka usipotibiwa, wakati ule wa umbo mara nyingi hubaki ulivyo. Kwa hiyo karatasi yako ya kwanza usiitupe, nenda nayo kila unapopimwa.