Ukiandika mwongozo wa kusoma betri, anza na kipimo

Mwongozo wa kwanza nilioandika kazini ulikuwa wa programu ndogo ya kuvuta data ghafi kutoka kwa maboksi ya betri, yale yenye mpini na soketi ambayo wenye vibanda hapa Nairobi huyategemea stima ikipotea. Unachomeka waya, unatoa amri, nambari zinamiminika kwenye faili. Nilieleza usakinishaji kwa kurasa nne nzima. Nambari zenyewe nikazipa jedwali moja, na kwenye safu ya mkondo nikaandika neno moja tu: miliampea.

Baada ya wiki chache fundi mmoja wa Luthuli Avenue akanipigia simu. "Kijana, hii boksi yako inakula ampea sitini na tano, na sijachomeka kitu ila taa." Nilipofika alikuwa ameshaifungua. Vibano viwili vya plastiki vimekatika, ncha za mita ziko juu ya seli, naye anasaka shoti ambayo haikuwepo. Kwenye skrini yake palisomeka 65436.

Hakukosea kusoma. Alifuata jedwali langu neno kwa neno.

Kifaa kile huzungumza kwa Modbus, lugha ambayo vifaa vya umeme hutumia kupeana data, na rejista moja ya Modbus, yaani kisanduku kimoja cha nambari, ni biti 16, yaani inabeba nambari kuanzia 0 hadi 65535. Mtengenezaji akitaka kutofautisha mkondo unaoingia na unaotoka, nusu ya juu ya nambari hizo huifanya hasi. Toa 65536 kwenye 65436, unabaki na −100. Tena kipimo hakikuwa miliampea moja moja, kilikuwa miliampea kumi kumi. Kwa hiyo −100 ni ampea 1 inayotoka. Seli nne za LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu) zilizofuatana, kila moja volti 3.2, zinatoa volti 12.8, na ampea moja hapo haifiki wati 13. Ilikuwa ile taa yake, basi.

Nilimlipia vibano. Tangu siku hiyo, wewe unayeanza kazi hii ukinipa mwongozo niupitie, naruka utangulizi na kwenda moja kwa moja kwenye jedwali. Kwa kila nambari natafuta kipimo chake, inazidishwa au kugawanywa kwa ngapi, na alama ya hasi ina maana gani, kwa sababu kuna vifaa ambavyo hasi ni kuchaji na vingine hasi ni kutumia. Halafu natafuta jambo ambalo wengi hawaliandiki: umejuaje? Kama uliwasha balbu ya wati unazozijua, ukapima mkondo kwa mita na kulinganisha na kilichotoka kwenye programu, sema hivyo, na utaje toleo la programu ya ndani ya kifaa ulichopima. Kama ulikisia, andika "tumekisia". Fundi hatakudharau kwa neno hilo. Atakachokichukia ni kufungua boksi zima kwa sababu yako.

Na usiifute nambari ghafi eti kwa kuwa umeshaitafsiri. Weka safu mbili, ghafi kushoto na iliyotafsiriwa kulia. Hesabu yako ikija kuonekana ni mbovu, mwenye faili ataikokotoa upya bila kumtafuta mteja aliyekwisha kurudi kwake Kayole na boksi lake.

Joto nalo lina vituko. Betri kadhaa huleta 2981, mtu akadhani kihisi kimekufa. Hiyo ni kelvini, kipimo cha joto ambacho sifuri ya Selsiasi husomeka karibu 273.1, iliyozidishwa kwa kumi: toa 2731, baki 250, gawanya kwa kumi, unapata nyuzi 25. Weka mfano kama huo ukiwa na hesabu kamili, hatua kwa hatua. Watu hawasomi aya; wanatafuta mfano unaofanana na kilicho kwenye skrini yao.

Saa ndiyo iliyonishangaza zaidi, maana ni kosa letu sisi Waswahili hasa. Mteja anasema boksi lilizima saa moja. Faili inasema 04:00. Simu yake inasema 07:00. Wote watatu wako sahihi: faili ni saa za UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu), simu ni saa za Nairobi, na mteja anahesabu tangu kuche. Andika saa pamoja na +03:00 mwishoni, na kwenye maelezo tumia tarakimu zilizo kwenye skrini, si "saa moja".

Kwa pawabenki, eleza ujazo kwa wati-saa. Ile 20,000 iliyochapishwa mgongoni ni miliampea-saa za seli yenye volti 3.7, ambazo ni wati-saa 74. Ukipima kwenye tundu la volti 5 huwezi kupata zaidi ya miliampea-saa 14,800, maana wati-saa 74 zinagawanywa kwa volti 5, na joto la ubadilishaji litakula nyingine. Bila maelezo haya utapokea lawama za wizi usio wako.

Mawili ya haraka. Kwenye Modbus amri ya 03 husoma na 06 huandika. Usiziweke kwenye mfano mmoja, mtu atanakili zote na kubadilisha mipangilio ya betri. Na faili ya mfano ifutwe nambari ya kifaa na jina la simu ya mteja kabla hujaisambaza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Mwongozo mpya nilimpelekea fundi yuleyule, nikaketi kwenye kigoda bila kusema neno. Ni kazi ngumu hiyo, ulimi unawasha. Alikwama kwenye hatua ya pili: programu haikuona kifaa. Alichomoa, akachomeka, akapuliza tundu, akanitazama. Dakika kumi nzima. Kumbe waya wake ulikuwa wa kuchaji tu, ndani hauna nyaya za data, na mimi nilikuwa nimeandika "chomeka waya" kana kwamba waya zote ni ndugu.

Akavuta droo, akamwaga mezani fundo la waya, tukaanza kuzijaribu mmoja mmoja. Zilizopitisha data alizifunga utepe mwekundu. Zilikuwa tatu.